Hisa Juu ya Meko

Vijana wa kanisa walinipigia simu nikiwa kazini Embu mjini, kunijulisha kwamba wamemwalika baba yangu aje awafundishe jinsi ya kutajirika polepole. Walitaka nami niwepo, niketi mbele pamoja na mama, "ili watu waone matunda." Nikasema nina kazi. Kijana aliyepiga akacheka kwa ile sauti yake laini ya kuongoza maombi, akanikumbusha kwamba ni Jumamosi na ofisi za serikali hazifunguliwi Jumamosi. Nilimchukia papo hapo. Polepole! Hawa ambao kila wikendi wanabashiri mechi kwenye simu mpaka nauli inaisha.

Niseme wazi mapema ili asiwepo wa kulalamika baadaye: simpendi baba yangu. Nimewaambia hivyo wachungaji wawili na mume wangu, na wote watatu walinishauri niombe. Nimeomba. Hakuna kilichobadilika, ila baba amezidi kuwa tajiri na watu wamezidi kumsifu.

Ukimwona barabarani kwetu Manyatta huwezi kumdhania kitu. Amevaa koti la kahawia alilonunua kabla sijaanza shule, kiwiko kimoja kimetiwa kiraka cha kitambaa cha pazia. Anatembea mikono nyuma, akitazama mashamba ya wenzake kana kwamba ametumwa kuyakagua. Ujanani alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kahawa. Ndiye aliyesimama pale wakulima walipoleta kahawa mbivu, akapima, akaandika kilo, akasema "anayefuata." Mshahara wake ulikuwa wa kuchekesha. Leo ana hisa katika kampuni ambazo mabango yake yako kila mji, amezishikilia miaka arobaini, na meneja wa benki humletea kalenda mwenyewe, mkononi.

"Nilijifunza kila kitu pale mizani," hupenda kusema, na mtu yeyote anayetaka kumsikiliza husogeza kiti. Kisa ni hiki. Bei ya kahawa ilipopanda, watu walipanda miche mpaka mlangoni pa choo. Ilipoanguka, watu wale wale walikuja mizani wakilaani, wakaacha mashamba yaote magugu, wengine wakapenyeza mahindi katikati ya mistari, wengine wakashika panga kabisa. Baba alitazama haya mara tatu, mara nne, akiandika kilo. Mti ulikuwa ule ule, mvua ile ile, udongo ule ule mwekundu. "Mti haujui bei yake," alisema. "Wanaojua ni watu, na watu wanajua vibaya." Ndipo akaanza kutafuta kitu ambacho watu wanakikatia panga wakati kingali kinazaa, na akakipata kwenye ukurasa wa nyuma wa gazeti, mahali pa bei za hisa. Gazeti lenyewe hakununua. Alikuwa akilisoma kwa kinyozi Embu mjini, amesimama, bila kunyolewa.

Alikuwa na sheria zake, na sisi tuliishi chini yake kama watu wanavyoishi chini ya paa linalovuja. Hanunui kampuni ambayo hajaiona kwa macho. Kama inauza sabuni, atakaa sokoni siku nzima kuona wanawake wanaichukua sabuni gani bila kuuliza bei. Niliwahi kutoka shule na wenzangu nikamkuta nyuma ya soko, kwenye jalala, akipindua karatasi za maziwa na za biskuti kwa kijiti, akihesabu. Wenzangu walicheka mpaka wakashika miti. Mmoja aliuliza kama baba yangu ameanza kuokota chakula. Nilimwambia simjui yule mzee.

Sheria ya pili ni kununua wakati wengine wanalia. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyotumaliza, ni kutouza. "Kuuza ni kung'oa," alisema. Faida ikija, ananunulia hisa nyingine. Karatasi za umiliki alizitia kwenye kiondo na kukining'iniza jikoni kwa mama, kwenye boriti juu ya meko, ili moshi uwafukuze mchwa. Mama alipika chini ya utajiri ule kila siku ya maisha yake. Alipasua kuni chini yake, akapuliza moto chini yake, akakohoa chini yake. Mara ngapi nilitamani ndimi za moto zirefuke kidogo tu.

Sasa maji.

Boma letu liko mgongoni mwa kilima, na mto uko chini kabisa, mahali ambapo ukisimama juu unasikia sauti yake lakini huuoni. Mama aliteremka mara mbili kwa siku, mara tatu kama kuna kufua, akapanda na mtungi mgongoni ukishikiliwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Mvua ikinyesha njia inakuwa sabuni. Kuna siku aliteleza akavunja jino la mbele, akashuka tena kujaza mtungi kwa sababu ulikuwa umemwagika. Hata leo akivua kitambaa utaona ule mfereji kichwani, mahali mukwa ulipojichimbia nyumba. Unaweza kulaza kidole ndani yake.

Nikiwa darasa la tano ulikuja mradi wa maji. Kila boma lilichimba sehemu yake ya mtaro, kisha kila boma likalipia kuunganishwa. Baba alichimba sehemu yetu mwenyewe, na ilikuwa imenyooka kuliko zote, kwa sababu jasho kwake halina bei. Kulipia kuunganishwa alikataa. Bomba likapita katikati ya kahawa yetu likaenda kwa majirani, na wakati wa ukimya uliweza kuliinamia ukasikia maji yakipita.

Mama alimuomba mara nne, na mara zote nne nilikuwepo. Mara ya kwanza mtaro ulipokuwa bado wazi. Baba alisema, "Pesa hiyo nikiiacha miaka kumi, itakuletea bomba kumi." Mara ya pili ni siku ya lile jino. Alimwangalia mdomo, akasema mto haujakauka. Mara ya tatu majirani wote walipokuwa wameunganishwa na mama akawa anashuka peke yake, bila hata mtu wa kuongea naye njiani. Mara ya nne aliomba mbele ya wanawake wa kanisa waliokuja kutembelea, akidhani ataona aibu. Baba haoni aibu. Aliwaeleza wale wanawake habari za faida inayozaa faida, kwa upole, mpaka chai ikapoa. Walipoondoka nilimwona mama ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Hapo ndipo alipokumbuka mimi ni nani.

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na akishapewa jina, ndiye. Baba aliniita "mama" tangu nilipozaliwa, na hakuwa anatania. Hakuwahi kunichapa wala kunitukana. Nikiingia nyumbani nikamkuta ameketi kwenye kigoda cha karibu na moto, alinipisha. Hata ndugu zake wazima, wenye ndevu, walikuwa wakija wananisalimia kwa heshima ya marehemu nyanya, nami nina kamasi puani. Mtu wa kwetu anaweza kumnyima mkewe. Kumnyima mama yake alichoomba kwa kinywa chake, hiyo ni habari nyingine.

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la nane, nasubiri matokeo. Mama aliniita jikoni, akanikalisha chini ya kile kiondo.

"Mimi nimeomba kama mke," alisema. "Wewe utaomba kama mama yake. Mwambie unataka maji nyumbani. Usimwambie nimekutuma."

"Nimwambie lini?"

"Ngoja afurahi."

Siku ya kufurahi ilikuwa karibu. Baba alikuwa na hisa za kampuni ya unga, na kwa kuwa hawezi kulala bila kuona, kila mwaka alikwenda Timau kuyatazama mashamba ya ngano. Mwaka ule alisema nimekuwa mkubwa, nitamsindikiza. Mama alitufungia nduma na mayai ya kuchemsha. Alinifunga kitambaa kichwani mwenyewe, taratibu.

Tulifika Meru mjini tukakaa kando ya barabara kungoja lori la viazi, ambalo dereva wake baba alimfahamu. Mkabala na pale tulipokaa kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana. Ingawa shule nyingi zilikuwa zimefungwa, kulikuwa na wasichana wachache ndani, sijui walibaki kwa nini, na walikuwa wakifua nje penye mifereji ya maji ya bomba. Mifereji ilikuwa mingi, imepangwa mstari mmoja. Msichana mmoja aliufungua wake, akaondoka kwenda kumwonyesha mwenzake kitu, wakacheka, na maji yakaendelea kumwagika juu ya saruji, yakaingia mtaroni, na hakuna mtu aliyepiga kelele. Nilitazama maji yale mpaka lori likaja.

Timau ni baridi ya kukufanya uchukie watu. Tulikuta mvua ya nje ya msimu imeilaza ngano, ekari kwa ekari, imelala upande mmoja kama manyoya ya mbwa aliyelowa. Langoni kulikuwa na vibarua wengi, wanawake kwa wanaume, wamejifunika magunia, wameambiwa hakuna kazi ya mavuno. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anauliza swali moja tu, anamuuliza kila mtu, hata baba: "Sasa mimi niende wapi?" Baba alimpisha kwa adabu. Akaingia shambani, akachuma suke, akalisugua viganjani, akatafuna punje. Akazungumza na msimamizi kwa muda mrefu. Alipogeuka, nilimwona anatabasamu.

"Wataziuza zote," aliniambia. "Wiki ijayo gazeti litalia, na wenye hisa za unga watazitupa kama vile kampuni imekufa. Na mwaka ujao hii ngano itaota tena."

Nimelichukia tabasamu lile kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyuma yake yule mwanamke alikuwa bado anauliza. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba alichosema kilikuja kutokea hivyo hivyo. Gazeti lililia, watu wakatupa, ngano ikaota. Baba yangu amekuwa sahihi maisha yake yote, na sijui mtu aliyepata joto kwa sababu hiyo.

Tulikula mayai nyuma ya ghala, tumekwepa upepo. Akaniambia, "Mama, leo nina furaha. Niombe kitu."

Kila neno nilikuwa nimelikariri. Nilifungua mdomo, nikaiona ile mifereji ya Meru, na yule msichana aliyeacha maji yamwagike. Nilijua vizuri kabisa bomba likija nyumbani bado mimi ndiye nitakayejaza pipa, nitakayeosha masufuria, nitakayenywesha ng'ombe, na nitasoma shule ya kutwa kule kule. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na paji langu la uso lilikuwa limeanza kuuma jioni kwa sababu ya mukwa. Sikutaka maji yaje kwangu. Nilitaka niende yaliko.

Nikasema nataka shule ya bweni.

Baba alikunja maganda ya mayai ndani ya karatasi. Aliniuliza mara moja tu kama ni hilo ninaloomba. Nikasema ndilo. Akasema, "Mama akisema, imekwisha," na kutoka hapo hadi Embu hakutaja tena habari za unga. Wiki ile, badala ya kununua, aliuza. Ndiyo mara ya pekee katika maisha yake.

Mama alikuwa ananingoja kwenye njia ya mtoni, mukwa mkononi. Ningeweza kumwambia kweli. Nimejipangia maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, na ni machache, hata mtoto angeyaweza. Nilichosema ni hiki: "Nilimuomba maji kwa jina la nyanya. Akakataa. Akasema atauza hisa ili niende bweni."

Hakulia. Aliniuliza, "Kwa jina la mama yake?" Nikaitikia. Akaupanga mukwa kichwani, akashuka.

Baba, kwa kawaida yake, hakueleza kitu nyumbani. Alisema tu ameuza, nami nitakwenda bweni. Na mama hakumuuliza. Mwanamke aliyeomba mara nne na kumtuma mtoto mara ya tano haulizi tena, na isitoshe, angewezaje kulalamika juu ya shule ya mwanawe? Alichofanya ni kuhama. Alitandika kitanda jikoni, karibu na meko, na tangu siku hiyo amelala huko. Chai ya baba aliimimina, lakini hakuipeleka. Aliita mtoto aipeleke, na watoto walipoisha nyumbani, aliiacha dirishani baba aje aichukue mwenyewe. Waliongea habari za ng'ombe, mbolea na misiba. Nilipokuwa nakuja likizo nikakiona kile kikombe dirishani, niliuambia moyo wangu: tazama, hivi ndivyo mtu mwenye roho ya mawe anavyoishi. Nikamchukia kwa bidii. Ilinisaidia sana.

Mshahara wangu wa kwanza niliutumia kuwaunganishia maji. Nililipa, fundi akaja, mfereji ukasimama nje ya mlango wa jikoni. Mama aliufungua, akaufunga, akaufungua tena. Akanishika mkono, akasema, "Wewe ndiye mwanamume wa boma hili," kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba kubwa, alikokuwa baba. Niliyameza maneno hayo kama mtu aliyemeza kokoto.

Basi Jumamosi ikafika, na mimi, ambaye niliapa siendi, nikaenda, kwa sababu mama alinituma nimletee viatu vyake vyeusi kutoka kwa fundi na akasema bila mimi hatakwenda. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Baba aliketi mbele na koti lake. Mama aliketi kando yangu, kitambaa kipya kichwani, mikono imelala mapajani. Huwa anakuja kwenye mambo ya baba kwa sababu kanisani kuna macho ya watu.

Baba alisimulia habari za mizani. Alisimulia jalala, na watu wakacheka kwa upendo, wale wale ambao wangemrushia mawe kama angekuwa maskini. Kisha wakaruhusiwa kuuliza. Kijana mmoja mwenye saa kubwa akasimama, akamwita baba guka, yaani babu.

"Guka, si utuambie tu ni gani tunaweza nunua saa hii, ikipanda kidogo tunatoka?"

"Sijui itakayopanda," baba akajibu. "Na kama unataka kutoka, kwa nini unaingia?"

Makofi. Nilitamani kurusha kiti.

"Na haujawahi kuuza? Hata siku moja?"

"Nimeuza mara moja."

Huwa anaishia hapo. Nimemsikia akisema hivyo kwenye harusi, kwenye harambee, kwenye mazishi ya kinyozi, na siku zote huishia hapo, watu wakadhani ni siri ya biashara. Lakini siku hiyo mchungaji alikuwa mbele, mtu asiyeweza kuacha kidonda bila kukifungua. Akasema, "Mzee, tuambie hiyo mara moja. Hawa vijana watajifunza."

Nilimtazama baba nikijaribu kumzuia kwa macho. Alinitazama pia, akanitabasamia, sasa kwa upole wa mzee aliyesahau meno yake, na nikajua amekwisha kunielewa vibaya. Alidhani nampa ruhusa.

"Ni huyu," alisema, akaninyooshea mkono. "Huyu ana jina la mama yangu. Siku moja kule Timau nilimwambia aniombe kitu. Hiyo ndiyo siku ilifaa ninunue kuliko siku zote za maisha yangu. Akaniomba shule ya bweni. Hakuomba kitu kingine, ni shule tu. Nikauza. Mnajua hisa zile zingekuwa wapi leo? Msiniulize, nimeshapiga hesabu na hainisaidii." Watu wakacheka. Akangoja waishe. "Lakini sijuti. Mama yangu akisema, imekwisha. Angesema anataka gari ningetafuta gari. Angesema anataka maji nyumbani, tungekuwa na maji wiki ile ile, hata kama mimi mwenyewe niliyaona ni upotevu. Aliomba shule, na leo muone alipo."

Ukumbi mzima ulipiga makofi ukinigeukia. Mwanamke wa nyuma alinipiga bega. Mama naye alipiga makofi, mara tatu, polepole, na hakunitazama. Kisha alirudisha mikono mapajani, akainua mmoja, akasogeza kitambaa kidogo, mahali pale pa mukwa.

Niliwarudisha nyumbani kwa gari la mume wangu. Baba alizungumza njia nzima habari za yule kijana wa saa kubwa. Tulipofika alikwenda nyumba kubwa kuvua viatu. Mimi nilimfuata mama jikoni. Alikoka moto, akateka maji kwenye ule mfereji wangu, akaweka sufuria. Kiondo bado kiko pale juu, ingawa siku hizi hisa ziko kwenye kompyuta na karatasi zile hazina kazi. Ni cheusi kama chungu.

"Uliniambia alikataa," alisema kwa Kiembu, akiwa amenipa mgongo.

"Ndiyo, mama."

"Kwa jina la mama yake."

"Ndiyo."

Akatia majani. Nilianza kusema nilikuwa mtoto. Nilianza kusema kwamba hata baba, yule, alikuwa na masikio. Mwanamume mwenye masikio anangoja mama yake afufuke ndipo amletee mkewe maji? Nilisema mengi, kwa sauti ya juu, na yote yalikuwa kweli, na nikasikia jinsi yalivyokuwa yamezoea kinywa changu.

Aliacha nimalize. Maziwa yalipopanda alishusha sufuria.

"Mimi nilimuomba mara nne akaninyima," alisema. "Hizo nne ni zake, na nitamwambia mwenyewe. Ya tano ni yako. Nimemnunia mtu kwa ajili ya ile ya tano. Hizo nne ningezivumilia."

Nikasema, "Mama, nisamehe." Alikuwa anatafuta kichujio.

Alichuja chai akajaza vikombe viwili. Nilikuwa nimekaa pale pale aliponikalisha nikiwa na miaka kumi na tatu, nikanyoosha mkono kupokea changu. Alivishika vyote viwili, akausukuma mlango kwa bega, akapita mbele ya dirisha bila kusimama, akavipeleka nyumba kubwa.